Deni la shilingi nne: kisa cha programa mmoja kati ya .NET na Java

Kisa hiki ni cha SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) moja ya Dodoma mjini iliyokuwa na mifumo miwili ya kompyuta, kila mmoja umejengwa kwa jukwaa lake, na programa mmoja tu wa kuihudumia yote. Jina la chama, wahusika na viwango vya fedha vimebadilishwa. Kanuni za hesabu na makosa yenyewe yameachwa kama yalivyokuwa, kwa sababu ndiyo yatakayomfaa programa au mhasibu mwingine anayekabiliwa na hali kama hiyo.

Usuli

Wanachama wa chama hiki ni wa makundi mawili. Kuna watumishi wa umma, wengi wao wakiwa waliohamia Dodoma baada ya Serikali kuanza kuhama kwa nguvu mwaka 2016, na kuna wafanyabiashara wadogo pamoja na wakulima wa zabibu wa vijiji vinavyouzunguka mji. Watumishi hukatwa kwenye mshahara. Wengine hulipa fedha inapopatikana, ama kaunta ama kwa simu.

Mfumo wa mikopo uliandikwa kwa C#, lugha ya programu ya Microsoft, kwenye .NET Framework, jukwaa lake la Windows. Upo kwenye seva ya Windows ndani ya ofisi na hifadhidata yake ni SQL Server. Umetumika miaka mingi na hauna mwongozo. Faini za kuchelewa, kipindi cha neema, nani anaweza kumdhamini nani: yote hayo yamo ndani ya msimbo na kichwani mwa mhasibu, hayapo penginepo.

Baadaye bodi iliajiri kampuni ya nje ijenge programu ya simu. Kampuni hiyo ilitumia lugha ya Java 17, Spring Boot (kiunzi cha kujengea programu za Java) na hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva ya Linux. Ilikabidhi kazi, ikalipwa, ikaondoka. Programa wa ofisi, ambaye uzoefu wake wote ulikuwa wa C#, akaachiwa mifumo yote miwili.

Bodi iliona hilo ni jambo dogo, na kwa juu juu ilikuwa na sababu. Java ilitoka Sun Microsystems mwaka 1995, na Microsoft ilipotoa .NET mwaka 2002 ilikuwa inashindana nayo waziwazi. Lugha hizi mbili zinafanana kwa mabano, kwa madarasa, hata kwa majina ya aina nyingi za data. Lakini kufanana huko ndiko kulikoleta matatizo. Anayetoka lugha ya PHP kwenda Java anajua yuko ugenini na anauliza kila hatua, ilhali anayetoka C# anajiona yuko nyumbani.

Yaliyotokea

Kosa la kwanza lilikuja mara tu programa alipogusa msimbo wa Java. Kamati ya usimamizi ilitaka programu ya simu ihakikishe kwamba mkopo unaolipwa ni wa mlipaji mwenyewe. Programa akaongeza mstari unaolinganisha kitambulisho cha mwanachama kilicho kwenye mkopo na kile kilicho kwenye muamala, kwa alama ya `==`. Kwenye hifadhidata ya majaribio, yenye wanachama 40, mstari ulifanya kazi vizuri. Ulipowekwa kwenye mfumo halisi, marejesho ya karibu kila mtu yakaanza kuangukia akaunti ya muda, ile inayopokea fedha ambazo mwenyewe hajajulikana.

Kwenye C#, `long` ni thamani, na `==` hulinganisha namba kwa namba. Kwenye msimbo huu wa Java vitambulisho vilikuwa vya aina ya `Long`, yaani kitu kinachobeba namba ndani yake, na hapo `==` huuliza kama pande zote mbili ni kitu kile kile kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Java huweka tayari vitu vya namba kuanzia -128 hadi 127 na kuvitumia tena na tena. Hivyo 40 na 40 ni kitu kimoja, lakini 2315 na 2315 ni vitu viwili, na jibu linakuwa hapana. Waliosalimika ni wenye vitambulisho visivyozidi 127, maana yake waanzilishi wa chama, na wajumbe wengi wa bodi ni waanzilishi. Malalamiko yalipoanza, wajumbe walijaribu kwa simu zao na kuona kila kitu kiko sawa. Dawa yake ni `Objects.equals`, inayolinganisha thamani zilizomo ndani, na ukaguzi wa kila mahali palipoandikwa `==` kati ya `Long`, `Integer` au `String`.

Kosa la pili lilionekana wakati wa kufunga mwezi. Seva ya Linux ilikuwa imewekwa saa ya UTC (saa ya marejeo ya dunia), na Tanzania ipo saa tatu mbele. Mwanachama aliyelipa saa saba usiku kuamkia tarehe 1 Aprili aliandikiwa tarehe 31 Machi kwenye programu ya simu, kwa sababu kwa seva ilikuwa bado saa nne usiku ya siku iliyotangulia. Mfumo wa mikopo ukamwandikia tarehe 1 Aprili. Kila muamala wa kati ya saa sita na saa tisa usiku ulikuwa na tarehe mbili. Mchana mifumo yote ilikubaliana, na kwa kuwa majaribio yalifanywa mchana, hakuna aliyeliona.

La tatu ndilo lililoifikisha bodi kwenye kikao cha dharura. Mfanyabiashara mmoja alimaliza mkopo wake kaunta na kupewa barua ya kumaliza deni. Jioni akaomba mkopo mpya kwa simu, ombi likakataliwa: ana deni la shilingi 4. Asubuhi alirudi ofisini na barua yake mkononi. Ndani ya wiki mbili walifika wengine, mwenye deni la shilingi 1, mwenye la shilingi 2. Nusu ya bodi ikaamini kuna mtu anachota.

Programa alianza kusaka hitilafu kwenye msimbo. Mhasibu, mama wa makamo aliyeshika leja za chama hicho tangu zilipokuwa za karatasi, alichukua njia nyingine. Alichapisha leja za mifumo yote miwili kwa mikopo iliyolalamikiwa, akaziweka sambamba na kuteremsha rula mstari kwa mstari.

"Usiangalie salio la leo, mwanangu," alimwambia. "Leo yamechanganyika. Angalia mwezi wa kwanza walipoachana."

"Mwezi wa kwanza wa kila mkopo, mama?"

"Wa kila mkopo. Halafu nisomee tarakimu tatu za mwisho za salio."

Tarakimu zilikuwa 650, 250, 050, 850, 450, tena 250. Hakukuwa na 150 hata moja, wala 350, wala 750. Mwizi hachagui namba hivyo. Hiyo ilikuwa kanuni ya hesabu, na kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kuitambua tu.

Riba ya chama ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na hukadiriwa kwenye shilingi nzima. Salio likiishia na 50, riba huishia na nusu shilingi kamili. Chukua salio la 1,234,650: riba ni 12,346.50. Kwenye .NET, `Math.Round` isipopewa maelekezo hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, na jibu ni 12,346. Programu ya simu ilitumia `BigDecimal`, aina ya Java ya namba za desimali, na `RoundingMode.HALF_UP`, inayopandisha nusu, na jibu lake ni 12,347. Sasa chukua 1,234,750. Riba ni 12,347.50; .NET inakwenda 12,348 kwa sababu ndiyo shufwa, na Java nayo inapanda mpaka 12,348. Wanakubaliana. Ndiyo sababu 750 haikuonekana kwenye karatasi za mhasibu.

Mwezi baada ya tofauti ya kwanza, masalio ya mifumo miwili yamekwisha kuachana kwa shilingi moja, kwa hiyo kila mfumo unakutana na nusu zake kwa wakati wake. Aliyetazama salio la mwisho tu asingeiona kanuni hata angekaa nayo mwezi mzima.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kusimamisha maombi ya mikopo kwa simu siku ile ile, huku malipo yakiachwa wazi. Kuzuia malipo kungewaadhibu wanachama kwa kosa lisilo lao, na fedha inayoingia yenye namba ya kumbukumbu inaweza kusuluhishwa baadaye. Mkopo uliotolewa kwa salio lisilo sahihi haurudishwi kirahisi.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Wajumbe walitaka jukwaa moja lifutwe. Waliopendelea Java walisema seva za Linux hazidai leseni ya Windows. Waliopendelea .NET walijibu kwamba tangu .NET Core ya mwaka 2016 hata C# inaendeshwa kwenye Linux, na walikuwa sahihi. Lakini hoja zote mbili zilipita pembeni ya tatizo. Kuandika upya mfumo wa mikopo kungemlazimu mtu mmoja kuchimbua kanuni za miaka mingi kutoka kwenye msimbo usio na maelezo, huku mikopo ikiendelea kutolewa. Kila kanuni ambayo angeikosa ingezaa shilingi nne nyingine. Pendekezo la kuandika upya likawekwa kando.

Badala yake walikubaliana kwamba fedha ihesabiwe mahali pamoja tu. Riba, faini na salio vinakokotolewa na mfumo wa C# pekee. Programu ya simu inauliza na kuonyesha. Hairuhusiwi kuzidisha wala kugawanya kiasi chochote cha fedha. Msimbo wa riba wa upande wa Java ulifutwa kabisa. Haukuachwa hata kama akiba, maana msimbo uliobaki siku moja utaitwa na mtu asiyejua historia yake.

Kisha likaja swali la kanuni ipi ya kukadiria ni sahihi. Programa alikuwa tayari kuchagua, na ni vizuri kwamba meneja alimzuia. Hilo ni suala la mkataba wa mkopo. Ratiba za marejesho ambazo wanachama walisaini zilichapwa kutoka ripoti ya SQL Server, na `ROUND` ya SQL Server hupandisha nusu. Maana yake mfumo wa zamani ulikuwa unajipinga wenyewe kabla Java haijaingia: karatasi iliyosainiwa ilisema 12,347, leja ikasema 12,346. Bodi iliamua karatasi iliyosainiwa ndiyo ishike. Kwenye C# marekebisho ni maneno machache, `Math.Round(riba, 0, MidpointRounding.AwayFromZero)`, ila yaliandikwa kwanza kwenye muhtasari wa kikao ndipo yakaandikwa kwenye msimbo.

Mpaka kati ya mifumo uliandikwa kwenye waraka wa kurasa mbili, na humo ndimo maarifa mengi ya kisa hiki yalipohifadhiwa. Kiasi cha fedha kinavuka kama maandishi ya tarakimu, kwa shilingi nzima, bila desimali, ili maktaba ya upande wowote isikigeuze kuwa `double`, aina ya namba isiyohifadhi kila desimali kwa usahihi. Muda unavuka ukiwa na tofauti yake, mfano `2024-04-01T01:00:00+03:00`. Bila hiyo `+03:00` upande wa pili unabaki kukisia. Tarehe ya kihasibu, ambayo si kitu kimoja na muda, inatumwa peke yake na hutokana na saa za Dodoma. Jina la ukanda wa saa nalo lilisumbua: Java inaujua kama `Africa/Dar_es_Salaam`, .NET Framework kwenye Windows inataka `E. Africa Standard Time`, kwa hiyo jina halivuki mpaka kabisa.

Namba za wanachama hubadilishwa kuwa herufi kubwa na kuondolewa nafasi kabla ya kutumwa. SQL Server yao haikutofautisha `dm-0412` na `DM-0412`, PostgreSQL inatofautisha. Vitambulisho vya aina ya Guid, yaani namba ndefu za utambulisho zisizojirudia, vinatumwa kama maandishi ya herufi 36, kamwe si kama baiti 16, kwa sababu `ToByteArray` ya .NET hugeuza mpangilio wa baiti kwenye mafungu matatu ya mwanzo. Kitambulisho kinachoanza na `00112233` kikisomwa moja kwa moja na Java huanza na `33221100`, na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea. Kila malipo hubeba namba ya kumbukumbu isiyojirudia. Mtandao ukikatika na ombi likatumwa tena, mfumo wa mikopo unarudisha jibu la kwanza badala ya kuandika malipo mara ya pili.

Mwisho, mhasibu alitengeneza jedwali la mifano ya hesabu: safu ya salio, ya riba, ya tarehe, na ya jibu alilolikokotoa kwa mkono. Jedwali lilihifadhiwa kama faili moja la CSV (jedwali la maandishi matupu), na majaribio ya kiotomatiki ya xUnit kwa C# na ya JUnit kwa Java yote husoma faili hilo hilo. Upande wa Java hujaribiwa kwa kuuliza na kuonyesha, si kwa kukokotoa. Jedwali halina jina la mwanachama hata mmoja, na ilikuwa lazima iwe hivyo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimwachii programa nafasi ya kunakili leja halisi kwenye kompyuta yake ya majaribio.

Matokeo

Leja zote zilikokotolewa upya tangu mwezi wa kwanza wa programu ya simu. Waliomaliza mikopo yao kwa mujibu wa leja walihesabiwa wamemaliza, na tofauti za shilingi zikafutwa kwa jonali moja (ingizo la marekebisho kwenye leja) iliyopitishwa na bodi. Fedha za akaunti ya muda zilirudishwa kwa wenyewe kwa kufuata namba za kumbukumbu. Maombi ya mikopo kwa simu yalifunguliwa tena baada ya mwezi mmoja kufungwa bila tofauti yoyote.

Gharama nayo ipo. Sasa programu ya simu inategemea seva ya ofisini, na umeme ukikatika muda mrefu kuliko betri za akiba, haina salio jipya la kuonyesha. Walikubali hivyo. Inaonyesha salio la mwisho ililopewa pamoja na saa lilipopatikana, na inazuia ombi la mkopo mpaka mawasiliano yarudi.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni jedwali la mhasibu, na faida yake haikuishia kwenye riba. Mhasibu alitia humo mifano ya miamala ya kurudisha fedha, ambayo ni hasi, na papo hapo likaibuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: Java yenyewe ina majibu mawili. `HALF_UP` ya `BigDecimal` huipeleka -12,346.50 kwenye -12,347, mbali na sifuri. `Math.round` huipeleka kwenye -12,346, kwa sababu hupandisha kuelekea upande chanya. Sehemu ya kurudisha fedha, iliyokuwa bado na hesabu yake upande wa Java, ilikuwa inatumia hiyo ya pili. Programa asingeandika mfano huo mwenyewe. Mhasibu aliuandika kwa sababu kurudisha muamala ni kazi yake ya kila wiki.

Jedwali hilo hilo lilifichua kosa la miamala nusu. Njia moja ya Java iliyowekewa `@Transactional`, alama ya Spring inayotaka kazi ikamilike yote au ifutwe yote, iliandika malipo, kisha ikatupa kosa la aina ambayo Java hulazimisha itangazwe. Kwa kawaida Spring haifuti kazi iliyofanyika kosa linapokuwa la aina hiyo. Hufuta kwa `RuntimeException` na `Error` tu. Malipo yakabaki bila upande wake wa pili kwenye leja. C# haina mgawanyo huo wa makosa, kwa hiyo programa hakuwa na sababu ya kulishuku. Ilibidi kuandika `rollbackFor = Exception.class` kila mahali fedha inapoguswa.

Kilichoshindikana ni majaribio ya awali, na si kwa uvivu. Data ya majaribio ilikuwa ndogo kwa kila kipimo: vitambulisho vichache, saa za mchana, masalio ya namba mviringo. Kwa riba ya asilimia 1, tofauti ya kukadiria hutokea kwa miishio mitano tu kati ya 1,000, sawa na salio moja kati ya 200. Kujaribu mikopo kumi ya shilingi 500,000 na 1,000,000 hakuwezi kuliona. Data ya majaribio ichaguliwe kwa kutafuta kingo: kitambulisho 127 na 128, saa 5:59 na 6:01 usiku, salio linaloishia na 50, kiasi hasi, namba ya mwanachama yenye herufi ndogo.

Makabidhiano nayo yalikuwa dhaifu. Kampuni ya nje ilikabidhi msimbo na nywila, na bodi ikasaini. Hakuna aliyeiomba ieleze jinsi inavyokadiria, inavyotunza muda na inavyolinganisha vitambulisho. Maswali hayo matatu yangejibiwa kwa nusu saa.

Kuhusu programa mwenyewe, kulaumu ujuzi wake ni kukosea shabaha. Makosa yake ya Java yote yalikuwa C# sahihi kabisa. Kilichomsaidia baadaye ni utaratibu mdogo: siku za kugusa Java zilitengwa na siku za kugusa C#, na kila badiliko la Java linapitia kikagua msimbo kinacholalamika `==` ikitumika kati ya vitu. Kikagua cha namna hiyo kilikuwepo tangu mwanzo ndani ya IntelliJ IDEA, programu ya kuandikia msimbo aliyokuwa akiitumia. Maonyo yake yalikuwa yamezimwa na waliotangulia.

Kazi moja bado ipo mbele. Moduli ya kukokotoa riba itatolewa kwenye .NET Framework na kuhamishiwa .NET ya sasa kwenye Linux, ili programu ya simu isitegemee tena umeme wa ofisini. Imepangwa baada ya ukaguzi wa hesabu za mwaka, na sharti la bodi ni kwamba jedwali la mhasibu lipite lote kwenye moduli mpya kabla ya salio la mwanachama yeyote kuguswa.